Sumaku Iliyopita Kwenye Makaa

Kazi yangu ilianza Jumatatu, tarehe sita Agosti 2012, saa moja na nusu asubuhi, nikiwa nimesimama nje ya geti la karakana ya mradi wa maji hapa Lodwar bila ujasiri wa kubisha. Nilisimama mpaka jua likaanza kuniuma shingo. Mzee Ekidor, fundi mkuu wa pampu, alinikuta alipotoka kumwaga maji ya kunawa.

"Ejok," akanisalimu. "Wewe ni msichana wa nani, na umesimama hapa kama nguzo ya stima?"

Nikamwambia naitwa Akiru, mama yangu ndiye anawapikia chai, na nimetumwa nisaidie wakati shule imefungwa. Akaniambia nirudie kwa sauti. Nikarudia. Akasema bado hajasikia, lakini niingie tu.

Nimeifanya kazi hiyo kila likizo kwa mwaka mmoja, na sasa nimeiacha nikiwa na miaka kumi na saba. Ewoi, yule fundi kijana mtakayemkuta hapo, anasema nimestaafu, ati nichukue fimbo nikakae kivulini. Nawaandikia ninyi wasichana wawili mtakaoingia likizo hii ya Desemba, maana kusema mbele yenu sitaweza. Habari ya malipo siiandiki. Mtaijua wenyewe na mtanyamaza kama mimi.

Wiki ya kwanza nilisugua vyuma. Pampu za mkono ni kitu rahisi: mpini juu, mabomba ya chuma yanashuka ndani ya ardhi, na chini kabisa kuna silinda yenye raba inayosukuma maji. Kinachokufa mara nyingi ni ile raba, lakini ili uifikie unatoa mabomba yote moja baada ya jingine, na mabomba yamekaa ndani ya maji ya chumvi miaka mingi, kwa hivyo yameshikana kama ndugu wa tumbo moja. Mzee Ekidor alikuwa na utaratibu wake kwa jambo hilo. Bomba likikataa kufunguka: moto kwanza, halafu nyundo, halafu matusi. Alisema matusi yasitangulie, yanachosha bure. Nati ikiganda, inalazwa kwenye makaa. Spindeli ya mpini ikiganda, makaa. Karakana nzima ilinuka kutu iliyochomwa, na nikirudi nyumbani mama alikuwa ananiambia nikae upande wa upepo.

Sheria nyingine ilikuwa ya mdomo wa kisima. Mkishatoa mabomba, shimo linabaki wazi, na upana wake ni kama kikombe kikubwa cha uji. Shimo hilo linazibwa kwa gunia kila wakati, hata kama unageuka kupiga chafya tu. Ukiangusha kitu mle ndani umeangusha kisima. Mzee Ekidor aliniambia hivyo akiwa amenishika bega, na hakuwa anatania.

Kazi yangu kubwa ikawa kioo. Unashika kioo juu ya shimo, unalitafuta jua, unalirusha chini, na maji yanakuangalia kutoka huko kama jicho. Kazi hii ilinifaa kwa sababu aliyeshika kioo haongeleshwi. Mkono ukicheza, mwanga unapotea na fundi anabaki gizani. Mkono wangu haukucheza.

Kulikuwa pia na sumaku. Ilikuwa ya chuma, umbo la kwato ya punda, imepakwa rangi nyekundu iliyobaki kidogo, na ilikuwa inaokota nati zilizoanguka mchangani. Mzee alisema alipokuwa kijana ilikuwa inabeba nyundo. Nilipoikuta mimi ilikuwa inabeba nati moja na kuiacha njiani. Ewoi aliamini jua la Lodwar ndilo limeimaliza. Watu wengi hapa watawaambia hivyo hivyo. Si kweli, jua hili litakumaliza wewe kabla ya sumaku. Iliyoimaliza ni barabara ya Kakuma. Sumaku ile ilikaa miaka chini ya sanduku la vyuma, ikigongwa na spana kila shimo la barabara, na siku nyingine Ewoi mwenyewe aliitumia kupigilia msumari kwa sababu ndiyo ilikuwa karibu na mkono. Tulifundishwa kidato cha pili kwamba ndani ya sumaku kuna vipande vidogo sana vilivyoelekea upande mmoja, kama watu waliopiga foleni, na ukiigonga gonga foleni inavunjika. Nilijibu swali hilo kwenye mtihani nikapata. Mbele ya sumaku yenyewe nilikaa likizo mbili kabla sijaona kwamba ndiyo hiyo hiyo.

Likizo ya Aprili 2013 niliona mikono ya Mzee Ekidor. Alikuwa anashika kikombe cha chai kwa mikono miwili, na chai inatetemeka. Ewoi pia aliona, lakini hakuna aliyesema. Mzee alianza kunipa mimi kufunga nati ndogo, akisema macho yangu ni mapya. Hayakuwa macho.

Sasa nitaandika habari ya Lorengo, ambayo ndiyo nimekuwa nikiizunguka.

Lorengo ni kijiji kidogo mbali na barabara ya Kakuma, upande wa vilima. Kabla ya pampu, wanawake wa huko walikuwa wanachimba maji kwenye laga, mto mkavu. Kiangazi kikiwa kirefu maji yanarudi chini, na shimo linafuata maji, mpaka linakuwa refu kupita mtu, na jembamba, kwa sababu mchanga ukipanuliwa unaporomoka. Anayeshuka ni msichana mdogo, maana ndiye anaenea. Anachota kwa kikombe na kupitisha juu. Napeyok, mama aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya maji, alikuwa na binti aliyeshuka asubuhi moja na mchanga ukafunga juu yake. Walipomfikia ilikuwa imekwisha. Mwaka uliofuata pampu ikaja. Napeyok aliifagilia pampu ile kila siku kama watu wengine wanavyofagia kanisa, na alikuwa na binti mwingine, Aite, wa miaka tisa hivi, ambaye hakuwa amewahi kushuka shimoni.

Agosti hii tuliitwa, pampu imekauka. Tulienda na gari la mradi, Mzee Ekidor, Ewoi na mimi, na dereva aliyelala chini ya gari kuanzia tulipofika. Ilikuwa raba, kama kawaida. Tulitoa mabomba yote, shimo likazibwa kwa gunia. Mzee alitaka kupima kina cha maji, akaondoa gunia ili ashushe kamba, na spana ilikuwa bado kwenye mkono wake wa kulia. Niliona vidole vikifunguka. Havikuteleza, vilifunguka tu, kama vya mtu aliyepitiwa na usingizi.

Spana iligonga bomba la plastiki linaloshikilia kuta za kisima ikishuka, kwa, kwa, kwa, halafu maji, halafu kitu kigumu. Mzee Ekidor alitazama mkono wake kama wa mtu mwingine.

Nilipiga kioo. Spana ilikuwa imekwama juu kidogo ya mwisho wa kisima, imelala kimshazari, mahali pale pale silinda inapotakiwa kukaa. Tulijaribu ndoano mpaka jioni ikakaribia. Ndoano ilikuwa inaiparuza na kuiacha. Ewoi akaleta ile sumaku nyekundu, tukaishusha kwa kamba, ikagusa, ikapanda peke yake.

"Hii mzee amestaafu," Ewoi akasema, akaitupa ndani ya sanduku. Hapo alikuwa anaongea habari ya sumaku, lakini Mzee Ekidor aligeuka akaenda kukaa ndani ya gari.

Napeyok alikuja kwenye dirisha la gari. "Fundi, mbuzi imesimama bila maji tangu jana. Nitaambia watu nini?"

"Waambie siku mbili. Natafuta sumaku ya nguvu Kakuma."

"Siku mbili, mimi nitazuia watoto. Siku tatu, siwezi. Kiu haina mwenyekiti."

Asubuhi tulikuwa Kakuma, ndani ya soko la kambi ya wakimbizi, kwa Deng. Deng ni Msudani wa Kusini anayetengeneza redio kwenye kibanda cha mabati, mrefu mpaka anapinda shingo humo ndani, na ana spika za kila aina zimening'inia kama nyama. Mzee alimweleza. Deng akashusha spika moja iliyopasuka, iliyokuwa ya kanisa lao, akachukua jembe lisilo na mpini, akalilaza mezani na kulisogezea spika. Jembe lilitembea lenyewe, likaruka hewani kabla ya kugusa, likanasa. Ewoi alishtuka akapiga kelele, Deng akacheka.

"Ya bint," akaniambia, "toa hiyo jembe."

Nilivuta kwa mikono yote miwili, nikashindwa. Mzee Ekidor alitabasamu mara ya kwanza tangu Lorengo.

Shida ilikuwa fremu ya spika, pana kuliko kisima. Sumaku yenyewe, duara jeusi lililobanwa kati ya mabamba mawili ya chuma, ingeingia, lakini imegundishwa kwa gundi ngumu. Deng akasema atailoweka kwenye petroli, atakata fremu polepole kwa msumeno wa chuma, tuje kesho asubuhi. "Pole pole. Hii si chuma. Ni kama sahani ya udongo. Inapasuka."

Mzee akakubali, kesho. Alikuwa na dawa ya mikono ya kufuata hospitalini, akaenda. Deng naye akaitwa kwenye mazishi ya jirani yake, akatuachia kibanda, mimi na Ewoi. Tulikaa. Upande wa pili mama mmoja alikuwa anapika chai kwenye jiko la makaa. Ewoi alilitazama jiko lile muda mrefu.

"Gundi ni kitu gani?" akasema. "Akiru, gundi si ni kitu ya kuyeyuka?"

Nilimwambia Deng amesema pole pole.

"Deng hajaona hao watoto. Wewe umeona. Kesho asubuhi ni saa ngapi? Tukimaliza sasa, leo mchana tuko Lorengo."

Sina la kumlaumu kwa moyo wake. Alifanya kile tunachofanya kila siku karakanani, tena alikifanya vizuri. Alilipa chai, akaomba jiko, akalaza spika juu ya makaa na kupuliza mpaka yakawa meupe. Gundi ilitoka moshi mweusi na harufu iliyomfanya mama wa chai atutukane kwa lugha yake. Halafu Ewoi akaikamata kwa koleo, akaiweka juu ya jiwe, nyundo moja kwenye fremu, nyundo ya pili, na fremu ikaachia safi kabisa. Nilikuwa nimesema "Ewoi, joto," na nilisema mara mbili, lakini mimi nikisema mara mbili ni kama mtu mwingine amesema nusu. Akaifukia mchangani ipoe. Alikuwa anapiga mluzi.

Mzee Ekidor aliporudi sumaku ilikuwa juu ya meza, ndogo, nadhifu, inaenea. Ewoi alisimama kando yake kama bwana harusi. Mzee akachukua spana ya saizi ile ile iliyozama, akaisogeza. Haikuruka. Akaigusisha, ikashika. Akainua, ikabaki imeshika. Akatikisa kidogo, ikaanguka mezani.

"Asubuhi ilivuta jembe kutoka hapa mpaka hapa," akasema, akionyesha kwa kiganja.

"Bado ina moto ndani, Mzee," Ewoi akasema. "Ikipoa itarudi."

Mzee alinigeukia mimi. Hakuwa amewahi kuniuliza kitu cha shule. "Huko darasani wanasema nini? Ikipoa inarudi?"

"Hairudi."

"Sema kwa sauti, mwanangu."

"Hairudi, Mzee. Joto linavuruga kila kitu ndani. Ikipoa, inapoa hivyo hivyo ikiwa imevurugika. Mpaka mashine iipange upya, na hiyo mashine hapa hakuna."

Deng alirudi tukiwa bado tumeizunguka meza. Alinusa. Akaichukua sumaku, akaipitisha juu ya jembe, jembe likalala. Akaiweka chini taratibu. "Khalas," akasema. "Imekwisha. Mmeipika." Kisha akamwangalia Ewoi, ambaye mluzi ulikuwa umemwisha. Spika nyingine ya ukubwa ule hakuwa nayo. Labda wiki ijayo, lori likitoka Kitale.

Mnaweza kusema Mzee Ekidor angesubiri wiki. Nimesema hivyo mwenyewe mara nyingi nikiwa nimelala. Lakini saa ile ile simu yake ililia, na nilimsikia Napeyok, kwa sababu wote wanaopiga simu Turkana wanapiga kelele kama hawaiamini. Alisema watu wameanza kuchimba kwenye laga, na shimo limefika kiunoni, na maji bado.

Mzee akakata simu. "Inashika," akasema. "Kidogo, lakini inashika. Washa gari."

Tulifika Lorengo mchana umesimama. Watu walitoka wote, hata wale waliokuwa wanachimba, wakakaa mbali kidogo, mitungi imepangwa. Ewoi alifunga sumaku kwa kamba, akaikaza mara tatu. Mimi nikapiga kioo. Mzee Ekidor hakushika kamba. Alimpa Ewoi, akakaa chini, mikono ameificha kwapani.

Sumaku ilishuka. Iligusa maji, jicho la huko chini likavunjika, likatulia. Nikaona kamba ikilegea halafu ikikaza.

"Nimeshika," Ewoi akasema bila sauti.

"Pole pole," Mzee akasema. "Kama unainua yai."

Alivuta kiganja kwa kiganja. Nikaiona spana ikitoka majini, inang'aa, imening'inia kwa kichwa chake. Mwanamke mmoja akaanza kigelegele, Napeyok akamfunga mdomo kwa mkono. Ilipanda. Ilipita nusu. Niliweza kusoma namba iliyochongwa kwenye mpini wake. Kisha mpini ukagusa maungio ya bomba la plastiki, kamdomo kadogo tu, kasikofika unene wa kucha. Sumaku ile ya asubuhi ingekaburuza hako kamdomo na spana na bomba lenyewe. Hii ilisita. Spana ikageuka kidogo, ikaachia.

Nilishika kioo mpaka mwisho kwa hivyo niliiona yote. Ilishuka wima safari hii, haikugonga kuta. Ilipita mahali ilipokuwa imekwama, ikaenda chini kabisa, na sauti iliyotoka haikuwa ya chuma. Ilikuwa kama mtu amekanyaga kibuyu.

Ewoi aliendelea kuvuta kamba, kwa nini sijui. Sumaku ilitoka juu haina kitu.

Tulishusha ndoo nyembamba ya kupimia. Ilirudi na maji ya matope. Ya pili matope. Ya tatu mchanga mtupu. Plastiki ilikuwa imepasuka chini na ardhi ilikuwa inaingia kisimani. Labda ilipasuka mara ya kwanza, labda ya pili, hilo hakuna atakayejua.

Napeyok alikuja akachukua sumaku kutoka mkononi mwa Ewoi, akaipima uzito. "Hii ndiyo mlienda kuleta Kakuma?" akauliza. "Mimi niliona kama kifuniko ya sufuria." Watu wawili watatu wakacheka, kicheko kibaya. Ewoi akafungua mdomo aseme, na machozi yalikuwa yameshafika.

Mzee Ekidor alisimama mbele yake. "Mama, mimi ndiye niliangusha spana. Mwanzo wake ni mkono wangu. Kisima kimekufa. Nitapeleka habari Lodwar waje na mashine wachimbe kingine, lakini sitakudanganya, si mwezi huu, na si mwezi ujao."

"Na mtoto yangu?"

Napeyok alimwekea Mzee sumaku miguuni, akaondoka kwenda kwenye laga, na wale waliokuwa wanachimba wakaokota majembe yao wakamfuata.

Gari lilikuwa na pancha mbili, tukalala hapo. Mzee Ekidor alituambia kabla ya jua kuzama kwamba atarudisha funguo za karakana tukifika, na kwamba Ewoi asiulizwe kitu na mtu yeyote. Nanyi msimuulize. Kitu kimoja tu mkishike: moto na nyundo ni kwa nati na mabomba. Sumaku msiichome, msiipige, msiitupe sandukuni, na mkiona mtu anataka kuichoma, pigeni kelele, hata kama sauti yenu ni kama yangu. Hasa kama ni kama yangu.

Asubuhi yake niliamka kabla ya Ewoi, nikafuata nyayo mpaka kwenye laga. Shimo lilikuwa limeshapita kimo cha mtu na mchanga wa chini ulikuwa mweusi, una unyevu. Aite alikuwa amesimama ukingoni, amevuliwa shanga zote zisije zikakwama, na kikombe mkononi. Mama yake alikuwa anamfunga kamba kiunoni, anafunga, anafungua, anafunga tena.

Nikamwambia Napeyok, na alinisikia mara ya kwanza, kwamba mimi pia ni mwembamba.

Alinitazama kuanzia mabega mpaka miguu, akipima. Kisha akamfungua Aite kamba, akanifunga mimi. Nilivua viatu, nikapokea kikombe kwa Aite. Ukuta ulikuwa unamwaga mchanga kidogo kila nilipougusa, kwa hivyo nilishuka nimebana mikono kifuani, na chini nilichimba kwa vidole mpaka maji yakajaa kwenye kiganja. Nikachota nusu kikombe, nikainua juu ya kichwa, na mkono mdogo ukakipokea.

"Bado," Aite akasema kutoka juu, na kikombe kikarudi.